Siku Godoro Alipomwangusha Tingatinga

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba mdogo alikwenda nyuma ya tanki la maji na kikombe cha maji ya chumvi, akasukutua, akatema, kisha akainama kuangalia alichotema. Mate yakiwa meupe alirudi akipiga mluzi. Yakiwa na wekundu aliyafukia kwa kisigino, akaja kukaa kwenye ngazi kama mtu asiye na habari. Alidhani hatumwoni. Dirisha la jikoni linatazama kulekule.

Mtaani walimwita Godoro. Waliompa jina hilo walisema hakuna aliyelala ulingoni mara nyingi kama yeye, na kila aliposimama dukani kununua kiberiti hakukosa mjuaji wa kumuuliza jana amelalia ubavu gani. Yeye alicheka nao. Hilo la kucheka ndilo lililokuwa likinikera zaidi. Mtu anapigwa mbele ya ukumbi mzima, halafu kesho yake anawachekea walewale waliolipa kiingilio waje kumwona akipigwa. Unashindwa kujua umhurumie au umkamate mabega umtikise.

Mchana alifanya kazi kwa fundi wa matairi, barabarani kwenye malori. Anapiga nyundo ukingoni mwa rimu mpaka tairi liachie, anaingiza mtaimbo, anauvuta kwa uzito wa mwili mzima, anatoa mpira wa ndani, anaujaza upepo na kuuzungusha kwenye beseni la maji akitafuta mapovu. Jioni, mikono bado inanuka gundi ya viraka, alikwenda mazoezini.

Ukumbi ule wa ndondi ulikuwa na vijana waliolelewa kama mayai. Wana wafadhili, wana viatu vya kamba ndefu, na kila mmoja wao alihitaji mtu wa kumpiga ili jina lake lipande. Mtu huyo alikuwa baba mdogo. Mwenye ukumbi alimwita alipomhitaji, na yeye alikwenda. Nataka jambo moja lieleweke, kwa sababu mtaani walilisema vibaya: hakuwahi kuanguka kwa makusudi, hakuwahi kuuza pambano. Aliingia kila mara akitaka kushinda. Tatizo ni kwamba aliingia akiwa amebandua matairi tangu asubuhi na kula alichokikuta kwenye sufuria, akakutana na mtu aliyeshinda kitandani akikandwa misuli. Mngemtaka afanye nini?

Sasa niseme habari ya ndoo. Kwetu dau la ndondi halikuwa la pesa. Watu waliweka vitu, na vitu viliwekwa kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na ndoo mbili zenye vifuniko vilivyotobolewa katikati, moja nyekundu na moja ya bluu, kama kona za ulingo. Unampelekea blanketi, redio, chochote kinachotamaniwa, anakiweka chumba cha nyuma. Kisha unatumbukiza kizibo cha soda ulichokikwaruza alama yako kwenye ndoo ya bondia unayemwamini. Asubuhi baada ya pambano ndoo ya mshindi inafunguliwa mbele ya watu, na wenye vizibo humo wanarudishiwa vitu vyao na kugawana vya upande wa pili. Ili upande wa mnyonge usiwe mtupu, mwenye ukumbi mwenyewe aliuwekea unga, mafuta na sabuni, bila kizibo. Hicho ndicho chambo. Hakupata hasara, kiingilio kilimrudishia.

Mwiko ulikuwa mmoja. Bondia haingii kwa kinyozi mpaka vitu viishe kugawanywa, isipokuwa ameshinda. Akishinda anaitwa kuja kuwaona waliomwamini. Baba mdogo hakuwahi kuitwa.

Kwa hiyo hakujua walichokijua wote. Kila alipopanda ulingoni, nyumba yetu ilikuwa upande wa adui yake. Baba yangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, aliweka dhidi yake. Bibi, mama yake mzazi, aliweka dhidi yake. Baba mdogo siku zote alipewa kona ya bluu, kona ya anayeletwa kupigwa, hivyo wao walitumbukiza nyekundu, na kesho yake walirudi na mfuko wa unga na mche wa sabuni. Bibi hakwenda ukumbini hata siku moja. Mwanawe alipomuuliza, alisema moyo wake hauwezi kuona damu ya mtoto wake. Moyo huohuo uliweza kubeba unga.

Baba mdogo aliwahi kumuuliza kinyozi barabarani kama watu wa kwao huwa wanaweka. Kinyozi, sijui kwa huruma au kwa woga, akamjibu kwamba wa nyumbani huwa hawachezi. Akalipokea hilo na kulishika. Siku moja alinikuta nikipepea mkaa wa pasi ya bibi, akachuchumaa kunisaidia, na katika maongezi akaniambia kwamba yeye hataki mkanda wala picha ukutani.

"Nataka siku moja niitwe kwa kinyozi, nikute mtu wa nyumbani kwenye ndoo yangu. Hata mmoja tu, mwanangu."

Niliendelea kupepea. Mimi si msemaji, na hata ningekuwa msemaji, hilo ningelisemaje?

Ndipo akaletwa kwa Tingatinga. Huyu alikuwa kipenzi cha mwenye ukumbi, mtoto wa shingo nene ambaye kila aliyepangwa naye alitolewa akiwa ameshikiliwa makwapani. Mfadhili wake alimshonea bukta ya bluu yenye nakshi za dhahabu, naye akagoma kukaa kona nyekundu na bukta ya bluu, eti ataonekana kama bendera. Mwenye ukumbi akabadilisha kona. Kwa mara ya kwanza baba mdogo akawa nyekundu. Kinyozi alilitangaza, akaliandika kwa chaki mlangoni, na kila aliyeingia kuweka kitu aliambiwa: Tingatinga bluu, Godoro nyekundu.

Bibi hakuambiwa kwa sababu hakungoja kuambiwa. Nilikuwa naye, nimembebea pasi. Pasi ile ya mkaa ndiyo iliyompa kazi maisha yake yote. Alinyooshea watu mashati kabla baba yangu hajazaliwa, na kipini chake kilikuwa kimeliwa kikachukua umbo la kiganja chake. Hakuwahi kuiweka dau. Safari hii aliiweka, maana aliyeweka kitu cha thamani aligawiwa zaidi, na kwa Tingatinga nani angekuwa na wasiwasi? Tulimkuta kinyozi ananyoa mtoto anayepiga mayowe, redio iko juu, mlango umezibwa na watu. Chaki bibi haisomi. Alinionyesha pa kuweka pasi, mkono wake ukaenda kwenye ndoo nyekundu kama ulivyozoea, kizibo kikalia ndani, tukatoka.

Mimi habari ya kona nilikuwa nayo. Nilimtazama njia nzima kwa pembeni. Nilidhani amemchagua mwanawe. Nilidhani amekaa na nafsi yake, akachukua kitu anachokithamini kuliko vyote, akamwekea yeye bila kumwambia mtu. Nilitaka kumshika mkono, nikaona aibu.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri. Baba alinichukua, akaniketisha karibu na safu ya watu wa gereji ya matairi. Alikuwa ameweka baiskeli yake upande wa bluu, na alikuwa akitania kwa sauti kwamba kesho atarudi nayo imebeba gunia. Mwalimu wa baba mdogo, aliyemfunga bandeji mikononi siku hiyohiyo, naye alikuwa ameweka jaketi lake la ngozi upande wa bluu. Alinena baba mwenyewe, tena akicheka, kwamba hata mwalimu wake anajua. Jamani. Unamfunga mtu mikono, unampiga begani, unamwambia nenda, na jaketi lako liko kwa yule anayekwenda kumvunja.

Raundi ya kwanza alipigwa kama ngoma. Ya pili alipasuka juu ya jicho, damu ikamjaa, refa akamtazama mara mbili. Watu wakaanza kuimba lala, lala, kama wanabembeleza mtoto, na baba yangu aliimba nao. Nilimwona mdomo. Raundi ya tatu nikaona kitu ambacho walioimba hawakukiona: Tingatinga alikuwa ameachama. Hakuwahi kufika huko mbali, wote aliowapiga waliondoka mapema. Alikuwa akirusha ngumi kubwa na kuegemea anachokipiga. Baba mdogo alijikunja, akaacha zimpite juu ya mgongo, akavuta bega nyuma namna ileile anavyouvuta mtaimbo kwenye rimu la lori, akampiga moja fupi chini ya mbavu za kulia. Haikuwa na mshindo hata. Tingatinga alisimama akifikiri. Kisha akapiga goti, akashika sakafu kwa glavu zote mbili, na refa akahesabu mpaka akamaliza.

Mnadhani walishangilia? Ukumbi ulinyamaza kama watu waliofiwa. Halafu mmoja akazomea, na wote wakafuata. Walimzomea mtu aliyeshinda kwa haki, nyumbani kwao, damu inamwingia jichoni. Mama mmoja wa makamo alimuuliza kwa ukali sasa blanketi zake nani atamrudishia. Fundi wa matairi, bosi wake, alisema huyu kesho aje kazini tuongee. Chupa ya maji ikarushwa. Baba mdogo aliinua mikono akidhani wanamwita, na alipoelewa akaishusha. Kaka yake hakwenda kumkumbatia. Alijipiga paja, akasema baiskeli yangu, akanivuta mkono tuondoke.

Baba mdogo akapelekwa zahanati kushonwa jicho. Sisi tulifika nyumbani jua bado lipo. Bibi alikuwa uani, na baba alipompa habari, alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Pasi yangu," alisema. "Mtoto huyu ameniua. Pasi yangu."

Hakuuliza kama mwanawe ni mzima. Nasema nilichokisikia. Baba akamuuliza alitumbukiza ndoo gani, akajibu nyekundu, kwani siku zote anatumbukiza ipi? Baba alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza habari ya bukta na kona. Bibi alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akawaza, uso ukaanza kufunguka kidogokidogo. Akasema basi jambo hili lisitoke hapa uani. Na mimi furaha niliyokuwa nimeibeba tangu siku ile ya kwa kinyozi ilinitoka yote, nikaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Asubuhi baba mdogo aliitwa kwa kinyozi. Alivaa shati lenye kola. Jicho lilikuwa limefunikwa na pamba, hivyo alilitazama kila jambo kwa kugeuza kichwa chote, kama kuku. Kinyozi alifungua ndoo nyekundu, akaiinamisha juu ya meza, vikaanguka vizibo viwili. Kimoja kilikuwa cha mlevi wa sokoni ambaye humwekea kila mnyonge, hata kwenye mbio za mbuzi. Cha pili kinyozi alikigeuza mara mbili, akakisogeza kwenye mwanga, akainua macho.

"Mama Pasi," alisema. "Kumbe wewe ndiye uliyemjua mwanao."

Watu waligeuka kumtazama bibi. Yeye akainamisha macho, akakunja khanga begani vizuri, akasema mama ni mama. Alisema hivyo. Baba mdogo alimwendea katikati ya watu, akapiga magoti kwenye nywele zilizonyolewa, akaweka paji la uso kwenye mapaja ya mama yake, akatetemeka mabega bila sauti. Bibi alimpapasa kisogo. Wakati huo vitu vilikuwa vinatolewa chumba cha nyuma: blanketi, redio, jaketi la ngozi, majiko mawili, na baiskeli. Baba mdogo aliitambua baiskeli, maana ni yeye huwa anaiziba pancha. Alimtazama kaka yake kwa lile jicho moja, kaka yake akatazama dari. Halafu baba mdogo akatabasamu na kuliachilia jambo hilo lipite. Kwani ilimpunguzia nini? Mama yake alikuwa kwenye ndoo.

Siku zilizofuata sikumtambua. Aliacha kucheka na wajuaji wa dukani. Aliyemwita Godoro alijibiwa kwa upole jina lake la kuzaliwa, na akarudia mpaka likashika. Alimwambia fundi wa matairi kwamba hatakaa tena juani bila kofia, na fundi, kwa mshangao wangu, akamnunulia. Alikipaka rangi chumba cha bibi. Kila mteja wa lori alisimuliwa kwamba bibi kizee mmoja aliweka pasi yake, kitu chake pekee, wakati mji mzima ulikuwa upande wa pili. "Nilikuwa sijui," aliniambia. "Miaka yote nilidhani mama ananionea haya." Bibi alikuwa akiyasikia haya kutoka ndani na kuongeza sauti ya redio aliyoipata kwenye dau.

Mtu ambaye hakutulia ni baba. Alikuwa akienda kazini kwa miguu huku baiskeli yake imeegemezwa kwenye chumba cha mama yake. Alimwomba kwa utani, akamwomba kwa upole, akamwomba kwa niaba ya watoto. Bibi alikataa. Alisema kitu cha ndoo hakirudi, ndiyo sheria, na kwamba ana mnunuzi.

Mchana mmoja wa mapumziko tulikuwa tunakula wote mkekani. Mnunuzi alikuwa amekuja asubuhi kuikagua baiskeli. Baba akaweka tonge chini.

"Mama, baiskeli yangu hutaiuza."

Bibi alimwambia aliipata kihalali.

"Kihalali gani? Wewe mkono ulikosea ndoo. Ulikuwa unamwekea Tingatinga kama mimi, tena ukalia pasi yako hapa uani. Tusidanganyane."

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa bado anatafuna. Aliendelea kutafuna kwa muda, kama mtu anayetaka kumaliza kwanza, akameza. Akamgeukia mama yake, na akamuuliza taratibu sana kama ni kweli. Nilikuwa nikiomba bibi akane. Ingemgharimu nini kukana? Amewadanganya watu wa mtaa mzima kwa kuinamisha macho, angeshindwa kumdanganya mmoja, kwa mara moja zaidi, akiwa mwanawe? Lakini alikuwa amekasirika kwa ajili ya baiskeli, na hasira aliipeleka kwa asiye na kosa.

"Sasa wewe ulitaka nani amwekee Godoro?"

Hakuwahi kumwita hivyo. Mtaa mzima ulimwita hivyo, yeye hakuwahi.

"Na yale mapambano ya nyuma, mama?"

"Ya nyuma nini? Ulikuwa unarudi hapa huna mbele wala nyuma, mdomo umevimba, unapewa unga laini unakula. Ulidhani unga ule ulitoka wapi? Uliangukaanguka wewe, sisi tukaokota. Ulitaka tulale njaa kwa heshima yako?"

Ninaandika haya na hasira bado ninayo. Walikuwa na uwezo wa kumwambia mtu huyu acha ngumi, unaumia, na hawakumwambia, kwa sababu alipoumia wao walipata. Walimpashia maji moto, wakamkanda, wakamlisha, ili awe mzima wa kupigwa tena. Na siku alipokataa kupigwa, kosa likawa lake.

Baba mdogo alinawa mikono, ingawa sahani yake ilikuwa bado. Alijifuta kwenye shati. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango.

"Nipishe, mwanangu," alisema, kwa sauti ileile ya kila siku.

Nikampisha. Baba akasema aachwe, ana hasira za kitoto, zikimwisha atarudi. Bibi aliivuta sahani ya mwanawe na kuifunika, nzi wasiiguse, kisha wakarudi kwenye suala la baiskeli. Nilitoka mpaka getini. Hakushika njia ya gereji wala ya ukumbini. Alikata kushoto, kule malori yanakotokea, na ndala na shati la nyumbani, akitembea katikati ya barabara bila haraka. Lori moja lilimpigia honi. Alisogea pembeni likapita, na vumbi lilipotulia alikuwa ameshafika mbali, mdogo, bado anatembea. Nilisimama pale mpaka nikaitwa ndani kuondoa vyombo. Hakurudi siku hiyo, na mpaka leo hajarudi.